Chai ya Mgeni Haina Mita

Cyriaque anakaribia miaka sitini. Ana goti moja linalomsumbua wakati wa baridi, mke mpole aitwaye Jeanne, na banda la kuku. Siku za kazi anasukuma matoroli ya mashuka machafu katika hospitali iliyo karibu na kwetu Bordesley Green, hapa Birmingham, na huko hakuna anayemwambia neno ila "hilo peleka kule". Lakini akimaliza zamu yake ya alfajiri, akapanda basi mpaka nyuma ya Castle Vale, akavuka daraja la mfereji na kufungua ule mlango wa bati, anakuwa mtu mwingine. Mgongo unanyooka, sauti inapanda, na anaanza kusema karibu kabla hajaona kama kuna mtu.

Mimi ni Peninah, muuguzi, mtu wa Nyamira, Kenya, na katika kuku wa banda lile kuna thelathini ambao ni wangu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilijitia katika mambo ya wenyewe. Nina mdomo, hilo nalijua, mume wangu hunikumbusha kila tukitoka kanisani. Lakini mwenye kuku thelathini ana haki ya kusema.

Shamba si la Cyriaque. Ni la mzee Mwingereza aitwaye Albert, ambaye zamani alifuga ng'ombe wa maziwa na sasa anakodisha vipande: huku farasi wa watu, kule magari mabovu ya watu. Cyriaque amekodi banda refu lililokuwa la ng'ombe, pamoja na kiwanja cha nyuma ambapo Jeanne hupanda lenga-lenga, mchicha wa kwao, wakati wa joto. Kuku ni wa mayai. Kila mwanzo wa mwaka wanaingia vifaranga wapya, na hapo ndipo umeme unapoanza kuwa jambo, kwa maana kifaranga wa Januari wa Birmingham asipowashiwa taa ya joto hamalizi hata siku moja.

Albert ni mtu wa hesabu. Misumari iliyopinda huinyoosha kwa nyundo na kuirudisha koponi. Bahasha akipokea huigeuza ndani nje aitumie tena. Sisi watu wa Nyamira tunasifiwa kwa kubana, lakini siku nilipomwona mzee yule akifungua kamba ya gunia taratibu, fundo kwa fundo, ili asiikate, nilijua nimekutana na mwalimu wangu.

Miaka yote umeme ulikuwa ndani ya kodi. Halafu bei zikapanda, zikapanda tena, na baridi iliyopita Albert akaingia bandani, akakaa kwenye kiti chake, akapokea kikombe chake cha chai, akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba sasa umeme utalipiwa peke yake. Alitaka makadirio ya mwaka mzima, yaliyofanywa sawasawa, si ya kubahatisha. Angefunga mita ndogo ukutani na kuiangalia kwa mwezi mmoja. Makadirio na mita vikikaribiana, mkataba mpya wa miaka mitano.

"Na visipokaribiana?" Cyriaque akauliza.

Albert akapuliza chai. "Kuna bwana anataka banda hili aegeshe karavani zake. Karavani hazitumii umeme."

Akamaliza kikombe, akasema "ta", yaani asante, akaongezewa kingine.

Jioni hiyo Cyriaque akanipigia simu. "Dada Peninah, weye ulisoma. Unifanyie hii estimation. Nyiye ba-Kenya munajua courant, kwenu munainunua kama sukari."

Hakukosea. Kwetu umeme unanunuliwa kwa simu, unaingiza namba kwenye mita, na yuniti zikikaribia kwisha kidude kinaanza kulia pii, pii, na nyumba nzima inashika adabu. Mtu aliyelelewa hivyo anajua pasi inakula nini na bafu la moto linakula nini. Kwao Uvira, Kongo, mambo yalikuwa mengine.

"Courant ya kwetu ilikuwa mugeni," aliniambia. "Inakuya siku inapenda, inaenda bila kuaga. Ikikuya, unapiga pasi, unapika, unajaza simu, unawasha radio. Hauulize mugeni atakaa mupaka saa ngapi."

Nilipopata siku yangu ya mapumziko nikaenda. Kukadiria umeme wa shamba si uchawi. Kila chombo kina kibandiko mgongoni kinachosema nguvu zake kwa wati. Unazidisha kwa saa ambazo kinawaka, unagawa kwa elfu, unapata yuniti, unazidisha kwa bei. Hesabu ya shule ya msingi. Kazi ni kuinama nyuma ya vyombo vyenye mavi ya kuku na kusoma vibandiko vilivyoliwa na panya.

Tukaanza na taa za joto za vifaranga, ambazo haziruhusiwi kuzimwa mchana wala usiku. Hizo ndizo walafi. Tukaandika taa za kuku wakubwa, ambao siku ikiwa fupi wanadhani kazi imekwisha na hawatagi. Tukaandika pampu ya maji na friza ndogo. Cyriaque akaniburuta hadi nje kwenye uzio wa umeme wa kuzuia mbweha.

"Hii njo inamaliza yote," akasema. "Hii iandike kubwa."

Nikasoma kibandiko. "Papa Cyriaque, hii inakula kidogo sana. Hata taa ya choo inaishinda."

"Hii? Hii ilinipiga nikaita mama yangu, na mama yangu alishakufa."

"Inapiga tu. Haili."

Akautazama uzio kwa muda, nadhani kwa heshima mpya. Tukarudi ndani. Pembeni ya mlango, juu ya meza, kulikuwa na birika la umeme, na chini yake hita moja ya feni.

"Na hizi?"

"Hizo hapana za kuku," akasema. "Hizo ni za bageni."

Alisema kwa uhakika wa mtu anayetaja jina lake. Mimi nafika kule mara moja kwa wiki mbili, nachukua mayai yangu na kuondoka. Nikafikiri ni kikombe kimoja cha Cyriaque na kimoja cha Jeanne, na mtu akipitapita. Nikajumlisha, nikaandika tarakimu moja safi, nikaipigia mistari miwili chini kama nilivyofundishwa. Albert akaisoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni na kusema, "Tidy," yaani safi. Kwa Albert hiyo ni hotuba.

Mwezi ukapita. Mita yenyewe ilikuwa kijisanduku cheupe juu ya mlango, chenye kitaa chekundu kinachopepesa kila umeme unapoliwa. Siku ya kusoma, Albert akapanda juu ya ndoo, akavaa miwani, akasoma. Akashuka. Akatoa karatasi yangu mfukoni, akaisoma. Akapanda tena juu ya ndoo.

Mita ilikuwa mara mbili ya makadirio yangu ya mwezi, kasoro kidogo sana.

Sasa, hapa mjini mtu akila umeme mwingi bandani wakati wa baridi, madirisha yamezibwa na taa hazizimwi, hakuna anayewaza kuku. Watu wanawaza bangi, ile inayooteshwa ndani chini ya taa. Albert hakulitamka neno hilo, ni mtu wa staha, lakini alianza kutembea bandani akinusa. Alinusa nyuma ya magunia ya chakula. Alinusa matandazo. Akafika kwenye pipa la plastiki la Jeanne, akafungua kifuniko na kuingiza kichwa chote. Ndani mlikuwa na ndagala wakavu, wale dagaa wa Tanganyika ambao Jeanne huletewa na ndugu zake na kuwauzia kina mama wa kanisani. Alitoa kichwa haraka kuliko alivyokiingiza, macho yamejaa machozi, na kwa muda hakuweza kuendelea na uchunguzi.

"Ama mnaficha kitu," alisema alipopata pumzi, "au yule mwanamke hajui kuhesabu. Jumamosi nataka jibu."

Hajui kuhesabu. Mimi, ninayepima dawa za watu kila zamu na bado hajafa mtu. Niliposimuliwa maneno hayo nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu nikiwa bado na viatu vyangu vya kazi na koti, nikatukana kwa lugha tatu.

Nikampigia Cyriaque ili tukasirike pamoja. Lakini yeye hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na huzuni ya mtu mcheshi inatisha.

"Dada," alisema, "nikitoka pale, nitakaribishia mutu wapi?"

Nimefika kwao. Ni vyumba viwili ghorofa ya tatu, ukikaa wanne mmoja anakaa kitandani, na jirani wa chini anagonga dari watu wakicheka. Kazini ni mtu wa toroli. Kanisani anakaa safu ya nyuma. Pale bandani tu ndipo mtu huyu ni mwenye nyumba, na mtu akikosa mahali pa kusema karibu, taratibu anaanza kuwa mgeni hata kwake mwenyewe. Kwa hiyo vilikuwa vita vyangu pia, mbali na wale kuku thelathini.

Alhamisi nikachukua likizo. Nikafika asubuhi, nikakaa juu ya gunia la chakula mkabala na mita, nikaapa kwamba sitaondoka mpaka nimkamate mwizi. Niliwaza waya uliochubuka. Niliwaza mwenye farasi amejiunganisha kisirisiri. Jeanne alikuwa anafagia, na kitaa chekundu kilikuwa kinapepesa pole pole kwa ajili ya vifaranga, kama ilivyotakiwa.

Mlango ukafunguliwa. Albert.

"Nimepita tu," akasema. "A quick one."

Jeanne akajaza birika mpaka juu kabisa. Akavuta hita akaiweka miguuni pa Albert na kuiwasha kwa nguvu zote. Nikatazama juu. Kitaa kilikuwa kinapepesa kama jicho la mtu aliyeingiwa na inzi.

Albert alikaa saa nzima. Alisoma gazeti lake lote, hata kurasa za mbio za farasi. Alipoondoka akaingia Mardochée, kijana wa kanisani anayepeleka vyakula kwa baiskeli ya umeme. Alisalimia vizuri, akachomoa betri ya baiskeli, akaichomeka ukutani kama anayetundika kofia, akapewa chai. Wakaja akina mama watatu kununua mayai. Mayai yalichukua dakika chache na mazungumzo yakala asubuhi yote, na chai yao ilikuwa ya tangawizi, iliyochemshwa upya kwa sababu ya kwanza ilipoa wakati mmoja wao akieleza ndoto yake. Akaja dereva aliyeleta chakula cha kuku, Mhindi mmoja aitwaye Rajni. Alikataa chai mara mbili kwa adabu, ya tatu akakubali, akanywa vikombe viwili. Akaja mwenye farasi, akiwa amelowa, na hita ikageuziwa upande wake. Kila mmoja alipoingia Jeanne alimwaga maji yaliyobaki na kujaza birika upya mpaka juu.

"Mama Jeanne," nikasema, "si uweke tu maji ya mtu mmoja?"

Alinitazama kana kwamba nimemshauri amnyime mtoto titi. "Akisikia birika iko na maji kidogo, atajua tulimungojea aende."

Mchana Cyriaque akafika kutoka kazini, akiwa hana amani, na bado akamkaribisha kila aliyekuwapo upya kana kwamba wamefika sasa hivi. Saa kumi Albert akarudi. Alikuwa amepita tu.

Mimi nilikuwa nimeshachukua kipande cha trei ya mayai na kalamu. Banda lilipotulia nikamwita Cyriaque pembeni na kumwonyesha.

"Kuku wako hawana shida. Makadirio yangu yako sawa, waambie wote. Ile nusu ingine ni birika, hita, na battery ya Mardochée. Wageni ndio wanakula umeme, Papa Cyriaque. Wanakula kushinda kuku."

"Usiseme vile."

"Si mimi nimesema, ni mita. Jumamosi tunamwambia mzee ukweli. Tunaandika estimate mpya, tunaweka chai."

"Tunaandika nini?"

"Wageni. Wangapi kwa siku, vikombe vingapi, hita masaa mangapi."

Akaweka ndoo chini. Sijawahi kumwona Cyriaque amekasirika, na hata wakati ule nisingeita hasira. Alisimama wima tu. "Kwetu mutu hahesabie mugeni. Siku ulihesabu kikombe chake, ulishamufukuza, hata kama bado amekaa."

Jeanne akadakia kutoka upande wa vifaranga. "Mama yangu, akipakua foufou, ile ugali yetu, alikuwa anapunguza koroboi. Taa inakuwa kidogo. Juu ya nini? Juu mugeni akamate vipande anapenda, na mutu asione amekamata ngapi."

"Angalau yeye aliokoa mafuta ya taa," nikasema.

Hawakucheka. Nikajaribu njia nyingine. "Sawa. Tuwaache wote. Tumwandike mmoja tu, Albert. Huyo peke yake, na ile hita, anakula kama vifaranga mia. Anakuja kutafuta mwizi na mwizi amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, anasoma gazeti."

Cyriaque na Jeanne wakatazamana. Halafu Jeanne akasema, kwa sauti ya chini ingawa kuku walikuwa wanapiga kelele za kutosha, "Ule hapana. Nilimupelekea mayai kwake, Noeli. Tangu bibi yake alikufa hawashe moto mule ndani. Uko jikoni, pumuzi yako unaiona. Anapima maji na kikombe kwanza, njo anatia mu birika. Kikombe moja. Juu iko peke yake."

Nilimwonea huruma yule mzee, na nilikasirika kwamba huruma ilikuja kunivurugia hesabu iliyokuwa imenyooka vile. Nikakunja trei yangu. Cyriaque akaniapisha kwamba Jumamosi sitafungua kinywa. Wanaonijua wanaelewa ukubwa wa kiapo hicho.

Jumamosi Albert akaja. Akakaa kwenye kiti chake. Jeanne, ambaye mikono yake haina habari na mikataba, akavuta hita mpaka kwenye buti zake, akawasha, akajaza birika mpaka juu. Mimi nilikuwa juu ya gunia langu, meno yamebana.

"Haya," Albert akasema. "Huo umeme unakwenda wapi?"

Cyriaque akasogea mbele. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, jasho linamtoka, maana alikuwa amepakua magunia tangu alipofika, na nje kulikuwa na theluji. Akasema kwa Kiingereza chake, pole pole, kwamba umeme uliozidi anaula yeye.

"Ni mimi, Mr Albert. Mimi ninasikia baridi sana. Natoka inchi ya joto. Siku yote niko nakaa pale, karibu na hita, niko nakunywa chayi tu. Siwezi acha. Uandike yote juu yangu, nitalipa."

Jasho lilimtiririka hadi puani. Akalifuta.

Albert akamtazama. Akatazama mikono yake mitupu isiyo na koti. Kisha, pole pole, akageuka akatazama kiti alichokalia. Bandani mle kulikuwa na kiti kimoja tu. Sisi wengine tulikaa kwenye magunia na ndoo, na Cyriaque katika miaka yote sijamwona amekaa, yeye husimama pale mlangoni apate kumpokea anayeingia. Kiti kile kilikuwa na mto ulioshonwa na Jeanne, na mto ule ulikuwa umebonyea umbo la makalio ya mtu mmoja, membamba, ya kizee, na si ya Cyriaque, ambaye Mungu alimjalia. Albert akatazama hita kati ya buti zake. Akatazama juu kwenye mita, ambayo ilikuwa inapepesa kwa wazimu. Birika likachemka, likajizima lenyewe, na mita nayo ikapunguza kasi. Mzee akaona hilo pia.

"Right," akasema.

Akasimama, akavaa kofia yake, akatoka. Kikombe kilibaki mezani, kimejaa.

Jeanne akakishika kikombe kama anayepima homa ya mtoto. Cyriaque alikuwa hajasogea. "Nimemufukuza," akasema.

"Hujamwambia kitu," nikasema. "Umejisingizia mwenyewe, na umedanganya vibaya sana."

"Alisikia ile sikusema."

Jumapili Albert hakuja. Jumatatu hakuja. Nilikuwa napiga simu kila siku. Habari zikatembea kanisani, na watu kwa aibu wakaacha kupita. Mardochée akajazia betri yake kwingine. Akina mama wakanunua mayai wakiwa wamesimama nje kwenye baridi. Kitaa chekundu kikawa kinapepesa taratibu kwa ajili ya kuku peke yao, na makadirio yangu yakawa sahihi kabisa, na hakuna aliyefurahi, hata mimi. Cyriaque alianza kuulizia bei ya kuwauza kuku wote pamoja. Jeanne alijaza birika asubuhi na kulimwaga jioni.

Jumatano nilikuwa pale. Nilikuwa nimekwenda kuwaaga kuku wangu, ukitaka ukweli. Mara ukuta wa nyuma ukaanza kulia. Ukuta ule umepakana na karakana ya Albert. Vumbi likaanza kudondoka, vifaranga wakakimbilia kona moja na kupandana, na ncha ya drili ikatokeza kwenye matofali, ikazunguka, ikarudi ilikotoka. Kupitia tundu ukaingia waya mnene. Kisha kukawa kimya, na baadaye mlango wa bati ukafunguliwa.

Albert alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Hakumwangalia mtu. Alifunga soketi mbili ukutani, kwa misumari ambayo niliona wazi kwamba iliwahi kupinda, akajaribu, akatikisa, akaridhika.

"Hiyo inatoka upande wangu," akasema akiuambia ukuta. "Birika hapo. Hita hapo. Yule kijana wa baiskeli naye achomeke hapo, si pale kwenye waya wa kuku, ataniunguzia banda." Akatoa karatasi mbili mfukoni. Moja ilikuwa mkataba wa miaka mitano. Ya pili ilikuwa makadirio yangu, na chini ya mistari yangu miwili alikuwa ametia saini. "Hesabu yako ilikuwa sawa, bab," akaniambia, kama watu wa hapa wanavyomwita mtu wanayempenda. "Kuku wanakula ulivyosema."

Mimi nikamwambia asante. Ningeweza kusema mengi zaidi, nikayameza yote, mume wangu hakuamini nilipomweleza.

Ungedhani Cyriaque angeruka kwa furaha. Alitia saini, ndiyo, na Jeanne alifunga macho akashukuru Mungu kwa Kifuliiru, lugha ya kwao. Lakini Albert alipotoka kwenda kunawa, Cyriaque alikuja kwangu na uso wenye matatizo mapya kabisa.

"Dada Peninah, sasa itakuwa namna gani? Banda ni yangu. Majani ya chayi ni yangu. Courant ni yake. Akikuya kunywa, mugeni ni nani?"

"Mwenye nyumba ni wewe."

"Lakini hita ni yake inawaka. Mimi nikiikaribia, niko kwake."

"Basi nyote ni wageni. Kunyweni."

Jibu hilo halikumtosha na mpaka leo linamsumbua, kwa sababu Albert aliporudi, amenawa uso, hakukaa. Alikuwa amekuja na kiti cha jikoni kwake, cha mbao, kilichokuwa pacha wa kile anachokalia huko peke yake. Akakiweka mkabala na kile chenye mto, upande wa pili wa hita, akamwonyesha Cyriaque kwa kidole. Cyriaque akasema karibu. Albert akasema hapana, karibu wewe. Wakasimama hivyo, kila mmoja akimkaribisha mwenzake kukaa, mpaka mimi nikachoka, nikamshika Cyriaque mabega na kumkalisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa bandani mwake. Hakujua aweke wapi mikono.

Albert akalichukua birika yeye mwenyewe akaenda bombani.

Mimi siwezi kuacha jambo likapita bila kuuliza. Nikamfuata. Nilikuwa nimetazama ule ukuta wote na sikuona mita nyingine, wala kisanduku cheupe wala kitaa chekundu. Nikamuuliza soketi zile mpya zitamla kiasi gani kwa mwezi, kama amekadiria, maana nikipewa wati na saa naweza kumfanyia hesabu sasa hivi.

Mzee aliyenyoosha misumari maisha yake yote akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na adabu.

"Sijaangalia," akasema, na akaendelea kushikilia birika chini ya bomba mpaka likajaa juu kabisa.